Jina la Mama Masika kwenye Karatasi ya Karanga

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chakula kinanishinda. Mama Masika aliingia bureau yetu, ofisi ya upelelezi pale Beu, mjini Beni, mchana kweupe, bila hodi, akaweka mezani kwangu karatasi iliyokunjwa, ile ya kuuzia karanga. Chumvi ilikuwa bado imeshika ndani. Akasema neno moja tu, "Soma." Nikaifungua, nikaona maandishi ya mashini, na katikati yake jina lake. Mimi ndiye niliyeliandika.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe umeingia kazi hii ya upelelezi juzi tu, na tayari unatembea mtaani kifua mbele kama mtu aliyeoa jana.

Mimi nilitumwa huku kutoka Kisangani nikiwa kijana, shati limepigwa pasi, neno la Kinande sijui hata moja. Nilidhani upelelezi ni kuvaa miwani myeusi na kukaa kwenye kona ya baa. Ujinga mtupu! Soko zima lilinijua kabla sijavuta kiti. Nikikaribia, watu wanaanza kuongea habari ya mvua. Miezi ikapita, nami nikawa naandika ripoti za mambo niliyoyasikia redioni.

Aliyenifungua macho ni huyo Mama Masika. Alikuwa na umri wa mama yangu. Yeye na bwana yake, Papa Kakule, mtu mpole wa kanisani, walikuwa na shamba la kakao na muhogo upande wa Eringeti, na kila Jumamosi mama alikuja Beni sokoni. Jumamosi moja akanivuta kando.

"Mutoto yangu, kule ku mashamba kuko batu banapita. Hapana ba kwetu. Banachimbaka muhogo, kisha banarudishaka muti mu udongo, juu tusione."

Umeelewa? Mwizi wa kijijini anang'oa muhogo anakimbia. Hawa walichimba, kisha wakasimamisha mti palepale na kukanyaga udongo vizuri, kwa sababu hawakutaka mtu ajue kwamba walipita. Hakuna ndege ya kupiga picha ambayo ingeliona jambo hilo. Aliliona mwanamke aliyepanda muhogo ule kwa mikono yake, majani yalipoanza kunyauka bila sababu. Siku ileile tukawaambia askari, wakaenda kukaa pale alipotuonyesha, na wale watu wa msituni, waasi wenye silaha, walipokuja wakakuta njia imefungwa. Wiki ile hakuna aliyelia Eringeti. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi yetu, mwanangu, na sitaki mtu aidharau mbele yangu. Ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekuja kukushukuru.

Mara ya pili alipokuja na habari, askari wakasema wanangoja amri kutoka juu. Nikapeleka ripoti juu. Baada ya wiki ikarudi na maneno mawili: chanzo hakijulikani. Chef wetu, mkubwa wa bureau, mtu aliyetumwa kutoka mbali kama mimi, akanirushia ile karatasi. "Petit, Kinshasa habaamini upepo. Tia jina!"

Ningeweza kukataa. Hakuna aliyeniwekea bunduki kichwani. Lakini nilitaka cheo, nakuambia ukweli, nilikitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni. Nikaandika kila kitu: jina lake, jina la bwana yake, kijito cha kuvuka ili ufike shambani kwao, na siku anayokuja sokoni.

Sasa sikia aibu yenyewe. Mashini ya kuandika ya bureau yetu ilikuwa haifanyi kazi, utepe wake ulikuwa umekauka zamani. Ripoti zetu zote tulizipeleka kwenye secrétariat public karibu na soko, meza moja chini ya bati, ambapo dada mmoja alimwandikia kila mtu: mialiko ya harusi, barua za kuuza kiwanja, maombi ya kazi. Na siri za serikali! Nilikaa kando yake nikamsomea kwa sauti, watu wanangoja zamu nyuma yangu. Muhuri mwekundu wenye neno SIRI tulikuwa nao, tena mkubwa, lakini mahali pa kuandikia siri yenyewe hatukuwa napo. Nchi gani hii? Magari ya wakubwa yalipata mafuta kila asubuhi, sisi utepe wa mashini ukatushinda!

Yule dada aliandika kwa karboni, nakala tatu. Moja ikakaa upande. Akaivuta, akaitupa chini ya meza pamoja na nyingine zilizoharibika. Niliiona kwa macho haya. Na nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba mama muuza karanga huchukua karatasi za chini ya meza ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula karanga zake. Lakini kuinama kuokota takataka mbele ya watu nikaona haya, mimi ofisa. Nikapiga muhuri nakala zangu nzuri, nikaondoka.

Kijana wa pikipiki wa kwao Eringeti ndiye aliyenunua karanga zile. Kwa bahati alikuwa mtu mwema, akampelekea mama karatasi. Ndiyo siku ile aliyoingia kwangu.

"Weye njo uliandika?"

"Njo mimi, Mama."

"Hii moja njo nimepata. Zile zingine nani anasoma?"

Nikatoa yale maneno yetu ya bureau: Mama, kaa kwanza, tutaangalia. Akanikata. "Unikalishe ya nini? Nilikupatia macho yangu, weye unaenda kufungia nayo karanga. Kuanzia leo, hata nikiona nyumba yako inawaka, sitakuambia."

Hakurudi Eringeti. Alikwenda kwa dada yake Butembo na mfuko mmoja wa nguo. Papa Kakule akamtumia salamu kwamba kakao iko kwenye mikeka, akiiacha itaoza, atamfuata ikikauka. Hakumfuata. Watu walimkuta njiani siku ya tatu, ameuawa, baiskeli imelala juu yake.

Ni ile karatasi iliyomuua? Sijui. Kwenye barabara ile wamekufa wengi ambao hawakuandikwa popote. Hakuna atakayeniambia, na hilo ndilo linalonila mpaka leo. Siku ya maziko nilisimama nyuma ya kanisa Butembo. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenipa kiti. Na baada ya hapo, hata mtu mmoja wa upande ule hakutuletea neno. Tukawa tunaandika kwamba hali ni tulivu, kwa sababu hatuambiwi kitu, huku nyumba za watu zinachomwa. Chef wetu? Alipandishwa cheo, akaenda zake.

Basi jana umenionyesha simu yako, unacheka, grupu lenu la WhatsApp la kazi. Nikasoma humo jina la mwalimu wa Mutwanga aliyewapa habari, namba yake, na picha ya nyumba yake. Nikauliza ni akina nani wamo humo. Wengine ukasema huwajui. Halafu unaniambia, "Papa, usiogope, iko sécurisé, imefungwa vizuri." Sécurisé! Nilipiga kelele mpaka mama yako akatoka jikoni, na sikuombi msamaha.

Sikia ninavyokuambia. Jina la mtu aliyekuamini likae kichwani mwako, na uzikwe nalo. Chef akilitaka, mwambie umelisahau, akuadhibu, akupeleke popote. Anayekuletea habari usimuulize nani alimtuma; mpe maji, mpe kiti, msikilize.

Na leo usiende bureau. Chukua pikipiki uende Mutwanga, ukamwambie mwalimu yule uso kwa uso kwamba jina lake limetoka, ili aamue mwenyewe habari ya watoto wake wakati bado ana nafasi. Atakutukana. Simama umsikilize mpaka amalize. Mama Masika hakuna mtu wa bureau yetu aliyekwenda kumwambia, ni karatasi ya karanga iliyomwambia.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, akupe mdomo mzito na miguu myepesi, na umkute mwalimu darasani, chaki mkononi.