Kaseti Iliyokuja Kuniposa

Nakumbuka siku moja kaseti ilikuja nyumbani kwetu Chiwata kuniposa. Usicheke, mwanangu. Mkeo amerudi kwao Lisekese kwa sababu ya maneno yako makali, na wewe umekaa hapa unarekodi sauti kwenye simu umtumie baba mkwe. Iweke hiyo simu chini kwanza, umsikilize bibi yako.

Siku hizo redio kaseti zilikuwa ngeni kwetu, na kila aliyeziona alikuwa na lake la kuzitumia. Mzee mmoja alijirekodi akipiga kelele na kugonga debe, akaiacha redio shambani ifukuze nguruwe pori, naye akalale nyumbani. Asubuhi akakuta mihogo imeliwa na redio imekanyagwa. Mwingine alitaka kurekodi wosia wake, ili hata akishazikwa aendelee kuwagombeza warithi. Watu wetu ukiwapa kitu kipya hawakosi kazi ya kukipa.

Rashidi, babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi Mtwara mjini, na mimi nilikuwa nimempenda mpaka chakula hakishuki. Kwa desturi yetu mjomba wa kijana ndiye anayekwenda kuposa, na mjomba wa msichana ndiye anayejibu. Lakini mjomba wake, Mzee Chilumba wa Mnyambe, alikuwa na kigugumizi kikubwa, na Rashidi akaona haya. Akarekodi posa kwa sauti yake nzuri, akampa rafiki yake, dereva wa lori la korosho, ailete pamoja na redio.

Mjomba wangu Athumani alitandika mkeka kama anavyotandikiwa mshenga. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mtama uliokwisha pepetwa zamani, masikio yote yako barazani. Dereva akabonyeza.

"Shikamoo, mjomba," ikasema redio.

"Marahaba. Hujambo? Wa kwenu wazima?"

Redio haikungoja. Ilikuwa imeshafika kwenye mahari. Mjomba akaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, maana mjumbe hauawi. Kisha akamwambia dereva amrekodi na yeye, juu ya maneno yaleyale ya Rashidi, yafutike.

"Rashidi," akasema, "mimi nimekusikia, wewe hujanisikia. Nimekuuliza hali, umenipita. Sasa nakuuliza jingine. Mtoto wetu akilia huko kwako, nimwite nani? Nije nizungumze na hili sanduku? Njoo na mjomba wako."

Nilimchukia mjomba siku ile. Nilijua Rashidi ataona amefukuzwa, na huko mjini wasichana walikuwa tele, tena wasio na wajomba wakali. Mvua zikaanza, zikakatika, habari hakuna. Nikakonda.

Halafu asubuhi moja nikawaona wanakuja. Rashidi alikuwa amebeba kuku, na mbele yake Mzee Chilumba, kanzu safi, uso ameukaza. Wakakaribishwa, wakakaa, salamu zikaenda na kurudi. Mzee akaanza, "Tu... tume... tume..." Jasho likamtoka. Rashidi akafungua mdomo amsaidie, mjomba wangu akamwinulia mkono.

"Mwache mwenzangu aseme. Hatuna pa kukimbilia."

"Tume... tumekuja kuomba mtoto," akasema mzee mwishowe. "Na aki... akilia, ni... niiteni mimi."

Mjomba Athumani akatabasamu. "Hilo ndilo halikuwemo kwenye kaseti," akasema, akaagiza chai.

Nikaolewa. Na nikalia, mwanangu, kwani ndoa gani haina siku hiyo? Kabla mama yako hajazaliwa niligombana na Rashidi, nikafunga mzigo wangu nikarudi Chiwata, nimeapa sirudi tena. Mjomba akapeleka neno Mnyambe. Mzee Chilumba hakuuliza kosa ni la nani. Alimwita Rashidi kutoka mjini, wakaja kwenye matope, Rashidi akiendesha baiskeli, yeye amepanda nyuma. Akatukalisha wote wawili. Kila neno alilitafuta, na sisi tunangoja, na hasira haijui kungoja namna hiyo. Kabla hajamaliza, Rashidi alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nimesahau nusu ya matusi niliyoyaandaa. Sauti ya mzee yule haimo katika kaseti yoyote, lakini bila sauti ile mama yako asingezaliwa, wala wewe.

Sikukatazi simu. Simu ni nzuri kwa salamu, na kwa kuuliza korosho zimefikia bei gani huko mnadani. Lakini ukiposa, ukitoa pole ya msiba, ukiomba radhi, peleka uso wako. Mwenye kuomba sharti akae mahali anapoweza kujibiwa, hata akijibiwa vibaya. Wewe unaogopa kujibiwa vibaya, ndiyo maana unataka kusema kisha uzime. Asiyekuwapo na lake halipo. Na usiende peke yako, nenda na mtu wa kwenu atakayeitwa siku nyingine mkeo akilia.

Mungu akupe ulimi wa pole na sikio la kungojea wenzako. Nyumba yako isikose mtu wa kuitwa, na atakayeitwa asikose kuja. Haya, washa pikipiki. Nimeshajifunga kanga zangu, nitapanda nyuma.