Hukuona Ugonjwa, au Hukuona Moyo?

Siku ninayotaka kukusimulia haijanitoka moyoni, mwanangu, na sasa nina wajukuu. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikuwa daktari tayari, lakini nimerudi darasani kusomea ubingwa wa kupiga picha za moyo na mishipa ya damu. Mwalimu wetu alikuwa Daktari Mutheu, mama mzaliwa wa Kikima, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alitupakia wanafunzi watatu garini pamoja na mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayoonyesha moyo ukipiga, akaizungushia blanketi mbili kama mtoto mchanga, tukaenda Kitui kupima wagonjwa kwa juma zima.

Siku ya tatu aliingia msichana aitwaye Kanini, wa miaka kumi na tisa hivi, ameshikwa mkono na mama yake. Walitoka Tseikuru, na mwenyewe unajua kule ni mbali. Alikuwa akikohoa, na kulala chali hakuweza. Akilazwa tu, pumzi inamkata. Mama yake alisema nyumbani hulala ameketi, ameegemea magunia ya mtama.

Nami nilikuwa na haraka. Wenzangu walikuwa wamepima wengi kunishinda, na ujana hupenda kushinda hata pasipo na mashindano. Nikampaka jeli kifuani, nikabandika kifaa. Ikaja picha ya ukungu mtupu. Nikageuza huku, nikageuza kule. Valvu, yaani ile milango ya moyo, sikuiona. Sasa nimwambie nani kwamba sioni, mimi niliyesifiwa toka shule ya msingi? Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini mimi niliuficha. Nikaandika: valvu zote ni nzima. Nikamweleza mama kwa Kikamba kwamba moyo hauna neno, ni kifua tu, apewe dawa aende nyumbani. Akanishukuru kwa mikono miwili, wakatoka kwenda kungoja dawa.

Daktari Mutheu alisoma karatasi yangu akaniuliza ile valvu ya kushoto ilifunguka kiasi gani. Nikarudia yale niliyoandika. Hakunikemea mbele ya wenzangu, Mungu ambariki huko aliko. Alinitoa hadi verandani, akasema polepole:

"Kijana wangu, hukuona ugonjwa, au hukuona moyo?"

Nilitazama viatu vyangu. "Sikuona moyo, Mwalimu."

"Basi andika hivyo. Halafu nenda ukamwambie mama yake."

Kuandika kulikuwa rahisi. Lakini kumwendea yule mama, mwanangu, ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimkuta kwenye benchi, binti amemlalia begani. Nikachuchumaa mbele yake. "Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu, "nilikuambia nisichokijua. Tafadhali turudi ndani."

 Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Akasema tu, "Bora umerudi," akaanza kumwinua mtoto wake.

Tulipoingia, Daktari Mutheu alivua viatu, akapanda kitandani, akaketi nyuma ya Kanini ili msichana aegemee kifua chake huku ameinamia upande wa kushoto. Alimwambia apumue taratibu, wala asiogope. Kisha akaniambia nianze upya, nisiharakishe. Nilichukua karibu saa nzima, na mwalimu hakujisogeza hata mguu ulipomfia ganzi. Mwishowe niliuona: mlango wa kushoto umekakamaa, unafunguka kidogo tu, damu inajipenyeza kwa shida. Ni kovu linaloachwa na homa ya utotoni iliyoanzia kooni isitibiwe. Kanini alipelekwa Nairobi juma lilelile, akapanuliwa mlango ule. Miezi ikapita, ikaja barua aliyoiandika mwenyewe: anateka maji, anaimba kwaya, na usiku analala chali kama watu wengine. Niliisoma nikalia.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii. Mashine zenu zina rangi, zetu zilikuwa na kijivu tu, lakini aibu ni ileile. Picha ikikataa, sema imekataa. Kutoona ugonjwa ni jambo moja, kutoona kabisa ni jambo lingine; ukiyachanganya, mtu atarudishwa nyumbani na mauti yake mkononi, tena akikushukuru. Mtafutie mgonjwa namna ya kukaa, hata ikibidi uwe mto wake. Na ukikosea, na kukosea utakosea, maana hakuna aliyezaliwa bingwa, usimtume muuguzi akusemee. Nenda mwenyewe, chuchumaa, sema. Heshima haipungui kwa hilo.

Mungu akupe macho yenye subira na mkono mwepesi. Akupe pia mwalimu wa kukuuliza swali gumu faraghani, na siku moja akufanye wewe kuwa mwalimu huyo.