Mama Alipoyahamisha Magari Senta

Kwanza nieleweke: mimi nilikuwa upande wa mama, na nikiulizwa leo nitasimama palepale.

Mama alikuwa mama ntilie pale Nyamongo, kwenye barabara ya katikati ya senta, miaka ile dhahabu ilipovuta watu kutoka kila kona. Asubuhi supu na chapati, mchana ugali. Mchimbaji aliyepata mawe mazuri aliagiza nyama kwa kelele. Aliyekosa aliomba maharage kwa sauti ndogo, na mama alimwongezea mchuzi bila kuulizwa. Sasa hiyo barabara! Malori ya mawe, bodaboda, ng'ombe wa mnadani, wote walitaka kupita mahali pamoja, tena kwa pupa. Siku moja bodaboda aliingia moja kwa moja mezani kwetu, akasimama katikati ya sufuria, halafu akauliza kama chapati zimebaki. Nilimtimua kwa mwiko mpaka mbele ya duka la sururu.

Baada ya hapo mtendaji wa kijiji akasema imetosha. Ama magari na pikipiki zihamie barabara ya nyuma, ama mama ntilie wote wakapikie kule bondeni, ambako hakuna mchimbaji ambaye angewafuata na njaa yake. Mkutano ukaitishwa. Mama akakosa raha kabisa. Lile jiko ndilo lililotusomesha, na bondeni lingezimika.

Na mpinzani mkubwa alikuwa nani? Baba! Baba mzazi, aliyelala nyumba moja na mama. Alikuwa fundi wa kuziba pancha barabara hiyohiyo, na wateja wake ndio haohao bodaboda. Nilimkasirikia, wee! Nikawa nampa shikamoo huku nimeangalia ukuta.

Mkutano ulifanyika palepale barabarani. Mama akasimama, kajifunga kanga kiunoni. "Kila siku mnanilalamikia mchanga kwenye ugali," akasema. "Mnadhani ni mimi ninayeutia?" Wachimbaji wakaangua kicheko.

Baba akajibu kutoka ng'ambo ya barabara, "Magari yakiondoka, mimi nitaziba pancha za nani? Za viatu?" Bodaboda wakampigia honi.

"Ziba mdomo kwanza," mama akamwambia, na watu wakashika mbavu.

Mtendaji akaona tutakesha. Akasema wanaotaka barabara ifungwe wasimame upande wa jiko la mama, wasiotaka wasimame upande wa baba. Watu wakaanza kuvuka. Muuza nguo mmoja alivuka, akarudi, akavuka tena, akazomewa na pande zote mbili. Upande wetu ulijaa mpaka watu wakakanyagana, lakini baba hakusogea. Alibaki kule na bodaboda wake, mikono kaikunja, mpaka mwisho.

Tulishinda! Gogo likawekwa mwanzo wa barabara, na malori yakaanza kuzunguka nyuma. Mimi nilirukaruka kama mwendawazimu. Mama hakuruka. Alimtazama baba tu, akarudi kuchochea moto.

Baba akahamishia vifaa vyake kwenye gogo, mahali ambapo pikipiki zote zilikomea. Kazi haikufa, lakini yeye aliweka ngumu. Nyumbani akawa anafungua mdomo kuomba chumvi tu.

Huku senta, raha! Mama alitoa meza na benchi akaziweka katikati kabisa, pale yalipokuwa yakipita malori. Wachimbaji wakala huku wamenyoosha miguu. Watoto wakaruka kamba bila mtu kupiga kelele. Mchana mmoja, wateja wamejaa, nikamwona baba anakuja kwa miguu, mikono imejaa grisi. Nikajua leo ugomvi umefika mezani.

Akakaa kwenye benchi.

Sasa elewa, mwanamume Mkurya wa rika la baba hali sahani moja na mkewe, sembuse machoni pa watu. Nyumbani alikula na wanaume wenzake. Mama alikula na sisi jikoni. Hata senta, chakula chake nilikuwa nampelekea mimi, akala kawapa watu mgongo. Kwa hiyo mama alimwekea ugali na nyama, akageuka aondoke.

"Kaa," baba akasema.

Mama akadhani hakusikia vizuri.

"Kaa, mama watoto. Tule."

Wakanawa kwenye beseni moja. Mama akakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni, akamega tonge. Nilipiga kigelegele, sikujali nani ananiangalia. Nilimpenda baba yangu siku hiyo, we acha!

Mzee mmoja wa rika lake alikuwa anapita. Akasimama, akashika kiuno, akamwita kwa Kikurya kama wanaume wanavyoitana. "Mura! Wewe unakula na mke barabarani?"

Baba hakuinua hata kichwa. "Barabara ipi?" akasema, mdomo umejaa. "Mimi niko kwangu."

Mama akainamia sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.