Siku Tisa Bila Habari kutoka Garsen

Redio ilisema dhoruba imepungua nguvu. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukichambua pojo, na baba alikuwa amekaa mlangoni, redio sikioni kwa sababu betri zilikuwa zimeisha nguvu. Msomaji wa habari alisema upepo uliotoka baharini umefifia kabla ya kufika pwani ya kaskazini, kilichobaki ni mvua tu. Mama akaweka ungo chini, akasema, "Mungu ni mwema," kisha akaendelea na pojo zake.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko, kijiji kimoja mbele ya Garsen. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe, aliyefanya kazi kiwandani Athi River, alikuwa akingoja shule zifungwe amlete ajifungulie nyumbani. Kitu ambacho wengine hawakujua ni kwamba nyumba aliyopanga ilikuwa ya udongo, tena bondeni, na mto ukijaa watu walikuwa wakivuka kwa mtumbwi kwenda zahanati. Alikuwa ameniandikia hayo mimi peke yangu. "Usimwambie mwaitu," alisema kwenye barua. Mwaitu ndivyo tulivyomwita mama.

Siku ya tatu redio ilitangaza kwamba barabara imekatika na vijiji vimezingirwa na maji. Kwetu Kithyoko jua lilikuwa linawaka na mahindi yamejikunja majani. Jumapili iliyopita tu baba alikuwa amesimama kanisani akaomba mvua.

Siku ya nne nilifuatana naye hadi Machakos mjini. Posta tulipiga simu ya chifu wa kijiji cha mdogo wangu mara sita, haikuita hata mara moja. Kwenye ofisi ya mabasi kijana wa tiketi alituambia, "Mzee, gari zinaishia Malindi. Mbele ya hapo ni maji."

"Na mtu akitembea?" baba akauliza.

Kijana aliangalia viatu vya baba.

Tukiwa tumekaa kwenye ngazi za posta, nilimweleza baba habari za ile nyumba ya bondeni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo barua ulipata lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ungesema, tungeenda kumchukua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Tulirudi nyumbani, na tangu hapo sikuweza kumtazama mama usoni.

Shemeji hakungoja ruhusa kazini. Aliondoka siku ya tano, na baada ya hapo tukawa na watu wawili wa kungojea. Mama aliacha kula. Alikuwa akitoka kwenda kisimani bila mtungi, anafika, anarudi. Baba alinunua betri mpya, na kila saa ya habari tulikaa kimya kama watu walioitwa mbele ya hakimu, tukisikiliza majina ya vijiji. Kijiji cha mdogo wangu hakikutajwa hata siku moja.

Siku ya tisa mwenye duka la sokoni, ambaye peke yake alikuwa na simu, alituma mtu atuite. Nilikimbia. Ilikuwa sauti ya shemeji, mbali sana.

"Dada, nimempata. Ako hai."

"Na mtoto?"

Nilisikia akivuta pumzi. "Alikuwa msichana. Alikaa siku mbili."

Maji yaliingia kijijini wakati watu wanashukuru kwamba upepo umetulia. Walikimbilia shuleni, palipoinuka kidogo, na mdogo wangu akajifungua juu ya madawati yaliyounganishwa, akisaidiwa na mama mmoja wa hapo. Hapakuwa na kuni kavu wala nguo kavu. Mtoto alikufa kwa baridi, huko pwani, mahali ambapo watu hulala madirisha wazi kwa sababu ya joto. Walimzika kando ya uwanja wa shule.

Nilipomwambia mama, hakulia mara moja. Alisema, "Lakini redio ilisema imepungua." Alirudia maneno hayo mara nyingi, akiniangalia kama anayetaka nimjibu. Ndipo nikamwambia habari ya barua. Alikaa miezi miwili bila kuniita jina langu.

Mdogo wangu alihamishiwa shule ya Kivaa, karibu na nyumbani, na baadaye akapata watoto wengine wawili. Mwaka mmoja baada ya mafuriko yeye na mumewe walirudi huko pwani kutafuta kaburi. Mto ulikuwa umekula ule upande wa uwanja, goli moja limeanguka majini. Walisimama mahali walipodhani ndipo, wakaomba, wakashika safari ya kurudi.