Mwashi Aliyekataa Mawe ya Achadh

Fearchar Beaton alikuwa mwashi, na kwa miaka thelathini ngome ya Lirein haikutiwa jiwe ila kwa mkono wake. Mimi nilikuwa jirani yake, mlango kwa mlango.

Mwaka wa hamsini na tatu barafu iliangusha ukuta wa kaskazini, upande uleule ambao askari wa mfalme waliutia moto zamani, ukoo wetu uliposhindwa vitani. Mkuu wa ukoo aliishi London. Akamwagiza msimamizi wake, Bwana Pringle, ujengwe kabla ya mkutano wa ukoo wa Agosti.

"Mawe yapo tele," Pringle akasema, akionyesha mahame ya Achadh juu ya bonde. "Chukua yale."

"Yale si mawe, bwana. Ni nyumba."

"Nyumba gani isiyo na paa? Wanalala kondoo tu!"

"Paa zilichomwa na babu zake mkuu, watu wakafukuzwa, ndiyo hao kondoo wakapata pa kulala. Bibi yangu alizaliwa mle."

"Basi nitatafuta mwashi asiye na bibi!"

Fearchar akafukuzwa. Mkewe, Oighrig, akamtengea viazi. "Haya, mume wangu, hoja umeshinda. Kesho tutachemsha hoja?"

Kesho yake Fearchar alishuka mtoni na farasi wake, akaanza kukokota mawe mpaka chini ya ngome. Hakutumwa na mtu. Waashi walioletwa kutoka mjini wakamuuliza sababu. Walipoijua, nao wakagoma kugusa Achadh. Kufika Juni, rundo la mawe ya mto lilimpita mtu kimo, na Pringle hakuwa na la kufanya ila kumwita mkuu mwenyewe.

Akaja, mtu mpole mwenye mgongo ulioinama. Fearchar akampandisha Achadh, akamtajia nyumba moja baada ya nyingine: hawa walipelekwa Kanada, hawa walifia pwani kwa njaa.

"Sikuambiwa haya," mkuu akasema.

"Hukuuliza, bwana."

Mkuu alisimama pale mpaka mvua ikamlowesha. Kisha akasema, "Jenga kwa mawe ya mto. Na hapa pasiguswe."

Agosti ukoo ulikutana ukuta ukiwa nusu. Hotuba zilipoanza tulimwita Fearchar ashuke, watu wamwone. Akakataa, ngazini alikokuwa: chokaa ingemkaukia.