Santuri Iliyoanikwa na Kahawa

Ukifika Lituhi, kando ya ziwa, ukamuulizia Hilda muuza dagaa, utaonyeshwa nyumba yake. Ukimuulizia Hilda binti Redio utaonyeshwa pia, ila watacheka kwanza.

Hilda ni shangazi yangu. Redio alikuwa baba yake, yaani babu Rogasian, ambaye ujanani alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Afrika Kusini. Alirudi na santuri moja, bila gramafoni ya kuipigia. Akasema kwamba Jumapili moja wazungu walikuja kambini na mashine ya kunasa sauti, wakawarekodi vijana waliokuwa wakiimba, na yeye yumo. Hakuna aliyemwamini. Mzee Xaveri, aliyelala naye chumba kimoja huko machimboni, ndiye aliyekanusha kuliko wote. Alikuwa zamu siku hiyo, hakuona mashine wala mzungu. Mpaka leo, mtu akijisifu mno mwaloni, samaki wanakoshushwa, anaambiwa, "Usinipigie redio ya Rogasian."

Babu alifariki shangazi akiwa bado shule ya msingi. Santuri ikabaki chini ya kitanda, lebo imeshabanduka. Miaka ikapita, Mzee Xaveri akaanza kuwa mzito wa kusikia, na hapo ndipo shangazi aliposhtuka. Masikio yale yakifa, nani mwingine atathibitisha? Akaamua kuunda gramafoni.

Nilimuuliza ataiundaje wakati hakuna hata moja iliyobaki ziwani. Akasema, "Nzima hakuna. Vipande vipo."

Kweli vilikuwepo, ila huko milimani. Shangazi hununua dagaa, hawa tunaowaita usipa, na kupanda nao kwa lori la mizigo kuwauzia wakulima wa kahawa. Akaanza kuuliza kila nyumba aliyoingia: marehemu hakuacha gramafoni? Watu wakamshangaa. "Ya nini, Mama Dagaa? Simu yako haiimbi?" Lakini wakaonyesha. Huko Ukata alikuta sanduku la gramafoni, sahani yake ya kuzungukia ikiwa bado imefungwa, na ndani yake kuku analalia mayai.

"Hilo chukua," mwenye nyumba akamwambia, "ila subiri aangue."

Akasubiri. Safari iliyofuata vifaranga walikuwa uani, akaondoka na sanduku, akaacha dagaa. Mkono wa kuishikia sindano aliupata kwa mtu aliyeufanya ndoano ya kutundikia taa. Kilichomshinda ni springi ya kuizungusha sahani. Chuma kile ni kizuri mno, kila springi ya gramafoni ilishakatwa kutengenezea visu. Basi akasema ataizungusha sahani kwa kidole.

Mimi nilicheka. Akanipa santuri nyingine iliyochakaa, aliyoipata huko milimani, akaniambia niizungushe, halafu akaweka ukucha wake kwenye mstari. Ukucha ukaimba. Hakuna umeme, hakuna betri, na bado mtu anaimba kwenye ukucha wa shangazi! Tangu siku hiyo sikucheka tena. Alijifunzia kwenye santuri ile. Ukizembea mwimbaji ananguruma kama fahali, ukiharakisha anakuwa mtoto mchanga. Alizungusha mpaka wanaume wakawa wanaume.

Ile ya babu hakuigusa. Alisema mistari yake imekwaruzika kwa kukaa chini ya kitanda, kila ikipigwa inapungua, na atakayeisikia kwanza ni Mzee Xaveri.

Kipande cha mwisho kilikuwa kichwa cha sauti, kile kiduara kama kopo la rangi ya viatu chenye utando mwembamba ndani. Kilikuwa Litembo, kwa rafiki yake Mama Tadea, kwenye kopo la vifungo. Shangazi akaibeba santuri ya babu ili akiegeshe kichwa juu yake bila kuipiga, aone kama si kizito mno. Akalala huko. Asubuhi akatoka kuuza dagaa, na Mama Tadea, kwa wema tu, akaiona santuri ina vumbi. Akaiosha. Kilichooshwa huanikwa, na huko kila kitu cha thamani huanikwa kwenye chanja cha kuanikia kahawa. Shangazi aliporudi mchana aliikuta katikati ya buni, imelegea kama chapati, imezama kwenye wavu.

"Nimeua?" Mama Tadea akauliza.

Shangazi aliinama juu ya chanja. Aliigusa. "Kama jua limeilegeza," akasema, "jua litainyoosha. Nipe vioo."

"Vioo vipi, mwenzangu? Madirisha yangu ni ya mbao."

Wakatazama ukutani. Wakaondoa picha ya Moyo Mtakatifu na ya Mtakatifu Yosefu, wakachomoa vioo vyake, wakailaza santuri katikati, wakairudisha juani. Mama Tadea aliomba radhi kwa picha zote mbili. Jioni santuri ilikuwa imenyooka, isipokuwa ukingoni ilibaki inayumba kidogo.

Tulikwenda kwa Mzee Xaveri Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti Redio. Umeniletea dagaa?"

"Nimemleta baba yangu."

"Mh. Haya, aimbe."

Shangazi aliweka sindano aliyoichonga kwa mwanzi, maana ya chuma ingelima santuri. Akazungusha. Sauti zikatoka kwa mbali, wanaume wengi, wanapanda na kushuka kwa kuyumba. Mzee Xaveri alisogeza sikio mpaka karibu na kichwa cha sauti. Wimbo ukaisha.

"Wanaimba vizuri," akasema. "Rogasian simsikii."

Shangazi naye hakuwa amemsikia, nilimwona usoni. Akabadilisha sindano, akarudia. Hakuna. Akabadilisha tena. Kidole chake kilikuwa kimechoka, lakini wale wanaume waliendelea kuwa wanaume.

Karibu na mwisho, pale waimbaji wanapovuta pumzi, mtu akakohoa. Mara mbili fupi, halafu filimbi nyembamba kifuani.

Mzee Xaveri akainua mkono. "Rudisha hapo."

Akarudisha. Mtu akakohoa.

Mzee aliinama, akavua kiatu, akakishika mkononi kama anayetaka kukitupa. "Kikohozi hiki," akasema polepole, "nilikirushia kiatu kila usiku, kule kambini. Kila usiku. Na hakikunyamaza."

"Kwa hiyo yumo," shangazi akasema.

"Alisema aliimba. Huyu hakuimba, mwanangu. Amewakoholea wenzake wimbo."

"Lakini yumo."

Mzee Xaveri alikitazama kiatu. "Yumo."

Shangazi akaanza kuifunga santuri kwenye kitenge, akafunga sanduku, akajitwisha.

"Unakwenda wapi tena na jua hili?"

"Mwaloni. Wote wapo."

"Hawatakuamini."

"Najua."

Mzee akaguna, akainama tena. "Basi ngoja nivae kiatu."