Chai ya Mgeni Aliyekataa

Kila nikishika birika, mwanangu, siku moja ya usichana wangu hunirudia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza cha karatasi nilikijua; cha mdomoni kilinikwama kama ugali mkavu. Na unanijua, mimi mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi zizini. Sasa nyumba ya wageni katika shamba la chai, huko Kericho, ikaniita nijaribiwe kazi ya kuhudumia wageni wa Kizungu. Kazi nyingine haikuwepo, na wadogo zangu walinitegemea wasome.

Jirani yetu Mama Otieno, mtu wa upande wa ziwa, karani wa kiwanda, akanihurumia. Akageuza sebule yake kuwa nyumba ya wageni, akavaa kofia ya mumewe, akawa mzungu. Tufanye mazoezi, akasema, na hapa ni Kiingereza tu.

Nikamkaribisha chai. Akasema hapana, asante. Lakini kwetu Merigi mgeni hukataa kwa adabu tu, na mwenyeji anayemkubalia ni mchoyo! Nikamimina. Akafunika kikombe kwa mkono. Nikausogeza kwa upendo, nikaendelea. Chai ikamfika mzungu wangu magotini.

"Woi, Cherono!" akaruka, Kiingereza kikamkimbia. "Unanichemsha kama samaki, kama omena?"

"Lakini madam, umetoka mbali..."

"Nimetoka chumba cha kulala! Sikiza, msichana wangu. Maneno unayo. Lakini hao wakisema hapana, ni hapana. Kuwaamini ndiyo heshima yao. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

Kesho yake huko shambani, mama aliyenijaribu akakataa chai. Moyo ukaniita mchoyo, lakini nikaweka birika chini, nikatabasamu. Kazi nikapata.

Mama Otieno akaja kwetu kunipongeza. Nikamkaribisha chai.

"Hapana, asante."

Nami, mjuzi mpya, nikaweka birika chini.

Akanikodolea macho. "Kwani hapa ni kwa mzungu? Mimina, mchoyo wewe!"

Mwanangu, nasikia unajifunza Kiingereza kwa kuongea na simu. Vizuri, lakini simu haiungui. Tafuta pia mtu wa kuvaa kofia, ummwagie chai sebuleni kabla hujamwaga mbele ya watu. Lugha ichukue pamoja na desturi za wenyewe. Ukirudi nyumbani, mimina, maana mwacha mila ni mtumwa.

Mungu akufungue ulimi, na birika lako lisikauke kamwe. Haya, leta kikombe. Na usiniambie umeshiba.